Ngozi ya mzee mvuvi: tulipokosea katika kuipaka

Kichwa cha kwanza tulikitupa. Kilikuwa kimekula wiki tatu, kina matundu ya vinyweleo, kina mikunjo, kina madoa, kina kila kitu ambacho maelekezo ya mtandaoni yanataka kiwepo, na bado kilikuwa kichwa cha sanamu la duka la nguo. Kazi ilikuwa umbo la mzee mvuvi wa Tanga kwa ajili ya filamu fupi ya kompyuta: mzee amekaa kwenye ngalawa, anavuta mshipi, kamera inamsogelea mpaka uso unajaa skrini. Umbo lilichongwa vizuri. Ngozi ndiyo iliyotutoa jasho, na anayetaka kupaka ngozi ya mtu wa Pwani hana sababu ya kupita tulikopita.

Kosa mama lilikuwa kanuni ya rangi tatu. Maelekezo mengi husema gawa uso mara tatu: paji liwe na unjano, katikati pawe pekundu, kidevu kivute kwenye bluu. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa mtu mweupe, kwa sababu damu yake inaonekana kwenye mashavu na pua, na mizizi ya ndevu inaonekana chini ya ngozi ya kidevu. Mzee wetu ni mweusi wa kati, kati ya maji ya kunde na mweusi tii. Melanini yake iko kwenye tabaka la juu la ngozi na inameza sehemu kubwa ya mwanga kabla haujaifikia damu na kurudi. Tulipompaka wekundu wa mashavu kama kanuni inavyosema, akatoka kama mtu aliyetumia mkorogo. Tukapunguza wekundu nusu. Akawa mtu aliyeacha mkorogo mwezi uliopita.

Tukafunga kompyuta, tukaenda kukaa Deep Sea, diko la wavuvi hapo Tanga, asubuhi vyombo vinaporudi, kuangalia nyuso tu. Mambo yaliyojirudia kwa wazee wengi ni haya: paji na panda za uso ni nyeusi kuliko mashavu, shavu chini ya jicho ndilo jepesi na lenye joto kuliko sehemu zote, kuzunguka macho na kwenye pembe za mdomo pana weusi, shingo kwa nyuma ni nyeusi kuliko kwa mbele, ukingo wa juu wa sikio umeungua. Mdomo wa juu ni mweusi karibu wote, wa chini una uwaridi katikati unaofifia kuelekea kando. Hiyo ndiyo ikawa ramani yetu. Ni ramani ya wavuvi wanaokaa juani, kwa hiyo ukimpaka mwalimu au mama wa dukani, nenda kaangalie ya kwao.

Picha za kuigia tulizipiga mara tatu, na mbili za kwanza hazikufaa. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita mchana, ufukweni. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua la saa hiyo linasimama utosini: paji na pua vikatoka vyeupe, macho yakawa mashimo. Picha hizo tukazibandika kwenye modeli hivyohivyo. Mng'ao wa jua ukigandishwa ndani ya rangi ya ngozi nyeusi hauonekani tena kama mwanga, unaonekana kama baka la ugonjwa. Unazungusha taa upande wa pili, baka limekaa palepale. Mara ya pili tulikaa barazani, kivulini, saa tatu asubuhi. Hapo pakawa pazuri zaidi, ila ukuta wa jirani ulikuwa wa kijani na taya zima la mzee likachukua ukijani. Kaa mbele ya ukuta mweupe au wa kijivu, au tundika shuka jeupe.

Mara ya tatu tulitumia polaraiza mbili, vichujio vinavyokata mng'ao: karatasi ya polaraiza mbele ya flashi, na filta ya polaraiza kwenye lenzi. Unaizungusha filta polepole huku unaangalia ncha ya pua. Mng'ao ukizimika, simama hapo. Unachobaki nacho ni rangi ya ngozi peke yake, bila mafuta wala jasho. Gharama yake ni mwanga: ilibidi tupandishe ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kutoka 100 hadi 400 na kusogeza flashi karibu. Kisha usifungashe vyombo. Zungusha filta nyuzi 90 upige seti nyingine palepale, mzee asijitikise. Tofauti kati ya picha hizo mbili ndiyo inayokuonyesha wapi ngozi inang'aa na wapi imepauka, na utaihitaji kuliko unavyodhani.

Weka kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza ya kila seti. Tulijaribu kubana matumizi kwa karatasi ya printa, lakini karatasi hizo zina kemikali ya kung'arisha inayovuta kwenye bluu, na ukiifanya ndiyo nyeupe yako, ngozi yote inahamia kwenye rangi ya chungwa. Watu hupiga uso na kusahau nyuma ya masikio, chini ya kidevu, katikati ya vidole, nyayo, magoti na viwiko. Sisi tulirudi mara mbili kwa ajili ya viwiko. Tulipiga wazee wanne, kila mmoja kwa ridhaa yake na kwa ujira wa nusu siku, maana saa hizo ndizo za kuuza samaki. Sura tukaichanganya ili asiwepo mmoja anayejiona mzimamzima kwenye skrini ya watu.

Kabla ya brashi kugusa kitu, kuna hesabu. Kukunjua ngozi ya modeli ni kama kumchuna mbuzi: unachagua utakapopitisha kisu, kisha unailaza ngozi bapa. Mishono yetu ilipita nyuma ya kichwa, nyuma ya masikio, upande wa ndani wa mkono na nyuma ya mguu. Kwenye kichwa cha kwanza mwili wote tuliuweka kwenye kigae kimoja, yaani picha moja ya mraba, cha pikseli 4096 kila upande. Mtu wa sentimita 170 kwenye pikseli 4096 anapata pikseli 24 kwa sentimita, yaani pikseli moja ni karibu milimita 0.4. Tundu la kinyweleo linaloonekana kwa macho ni kama milimita 0.3 au chini ya hapo. Tulikuwa tunajitahidi kuchora kitu kidogo kuliko pikseli.

Safari ya pili tukagawa vigae vitano kwa mfumo wa UDIM, unaokipa kila kigae namba yake, ambao Blender, programu tuliyotengenezea umbo, inaupokea tangu toleo la 2.82: 1001 kichwa na shingo, 1002 kiwiliwili, 1003 mikono, 1004 miguu, 1005 viganja na nyayo. Kichwa chenye mzunguko wa sentimita 60 kwenye pikseli 4096 kinapata pikseli 68 kwa sentimita, kila pikseli milimita 0.15. Tundu la milimita 0.3 sasa lina pikseli mbili. Ni kidogo, lakini linatosha kwa kamera inayojaza uso. Kigae cha kiwiliwili tulikiacha cha 2048, maana mzee kavaa fulana.

Kuhusu kumbukumbu: leya moja (tabaka moja la picha) ya 4096 kwa 4096 yenye rangi za biti 8 inakula megabaiti 64; ya biti 16 inakula 128. Faili la Krita, programu ya kuchorea, lenye leya 12 za biti 16 ni gigabaiti moja na nusu kabla hujachora hata kope. Kompyuta yetu ya gigabaiti 16 iliweza, ila kivinjari kikiwa kimefungwa.

Rangi ya msingi ndiyo iliyotupotezea siku nne. Tuliichota kwa kidude cha kuchotea rangi kutoka kwenye picha ya kivulini, ikatoka 45, 28, 22 (nyekundu, kijani, bluu, kila moja kati ya 0 na 255). Kwa macho ilionekana sawa. Tulipoiweka modeli kwenye mwanga ikawa mkaa: hakuna nafasi ya kwenda chini zaidi, kwa hiyo mikunjo, madoa na weusi wa macho vyote vikamezwa. Weusi unaouona kwenye picha ni ngozi pamoja na kivuli. Programu itaongeza kivuli chake yenyewe, kwa hiyo rangi unayoipaka lazima iwe nyepesi kuliko jicho linavyotaka. Tulichukua mizani ya Monk ya mwaka 2022 yenye ngazi 10 za rangi ya ngozi, tukaona mzee wetu anaangukia kati ya ya 7, ambayo ni 130, 92, 67, na ya 8, ambayo ni 96, 65, 52. Tukaanza na 108, 75, 57. Ukiitazama bapa utasema huyu si mzee wetu, ni mpwa wake wa mjini. Ivumilie.

Hapohapo kuna mitego miwili ya skrini. Wa kwanza: Blender kwa kawaida haionyeshi rangi kama ulivyozipaka. Kuanzia toleo la 4.0 inapitisha picha kwenye mfumo wa AgX, kabla ya hapo ilikuwa Filmic, na yote miwili inalainisha rangi. Unapolinganisha rangi na picha, badilisha kwanza iwe Standard, ukimaliza urudishe. Wa pili unaaibisha zaidi. Kompyuta ilikuwa imewekewa ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano ikifika saa moja jioni. Tulipaka miguu yote usiku. Asubuhi ilikuwa miguu ya maiti, ya kijivu yenye ubluu, kwa sababu usiku tulikuwa tunapambana na unjano ambao haukuwepo kwenye rangi.

Baada ya msingi, mpangilio uliotufaa ni kutoka kikubwa kwenda kidogo. Mabaka makubwa kwanza, brashi laini yenye upana wa pikseli 400 hivi, nguvu asilimia 10 hadi 15, kila eneo kwenye leya yake: weusi wa paji, weusi wa macho, wepesi wa mashavu, weusi wa shingo. Ongeza taratibu, usijaribu kufika kwa mkono mmoja. Kisha mchanganyiko wa kati, vidoa visivyo na umbo vya milimita 2 hadi 6, vingine vyekundu kahawia, vingine vya zeituni, nguvu asilimia 5 tu. Hii ndiyo hatua tuliyoiruka kwenye kichwa cha kwanza, na ndiyo maana kilikuwa plastiki. Ngozi ya mtu ikisogelewa haina hata sentimita moja ya rangi moja. Ukiizima leya hiyo huwezi kusema kilichoondoka ni nini, ila unajua kuna kitu kimeondoka.

Mishipa tuliipaka bluu kwenye mikono. Ikawa wino. Kwenye ngozi nyeusi mshipa wa nyuma ya kiganja huonekana kwa sababu umetuna, kwa hiyo ni kazi ya ramani ya mwinuko, picha inayoiambia programu wapi pametuna na wapi pamebonyea. Kwenye rangi hauhitaji kitu, au giza la asilimia 3 kando yake.

Kiganja kinataka siku yake. Upande wa ndani ni mwepesi, wenye uwaridi na unjano, na mistari yake ni kahawia nzito kuliko nyama inayoizunguka. Mpaka kati ya weusi wa juu na wepesi wa ndani unapita ubavuni mwa vidole, nasi tuliukata kwa mstari safi. Matokeo: mzee kavaa glavu. Tazama kidole chako mwenyewe. Mpaka ule ni mteremko wa milimita 3 hadi 5, umejaa visiwa vidogo vya weusi vilivyoingia upande wa pili, na kwenye vifundo vya vidole unasogea. Viganjani hakuna vinyweleo wala matundu yake, kuna mifereji ya alama za vidole. Kwa mvuvi wa mshipi ongeza sugu chini ya vidole, ya njano kidogo, na alama za uzi kwenye ubavu wa kidole cha shahada, nyembamba, zinazopishana. Kucha za wazee weusi mara nyingi zina mistari ya kahawia inayokimbia kwa urefu. Ni kawaida kabisa, weka mmoja au miwili kwenye vidole tofauti.

Makovu nayo yana tabia zao. Jeraha la juujuu huacha weusi. La moto au la kina mara nyingi huacha wepesi. Kovu halina matundu ya vinyweleo. Sisi tulipaka kovu zuri la ndoana kwenye mkono halafu tukapitisha stenseli (kiolezo) ya matundu juu yake, likaonekana kama stika iliyobandikwa chini ya ngozi. Futa mwinuko wa matundu ndani ya kovu, ongeza mng'ao, kisha ndipo utaona limepona. Halafu kuna vidoa vidogo vyeusi vilivyotuna kwenye mashavu na panda za uso, ambavyo watu weusi wengi huwa navyo kadiri umri unavyopanda. Tulivitawanya 30 hivi, vikubwa milimita 3, vingi milimita 1, vizito karibu na jicho.

Kosa la kuchekesha kuliko yote lilitokana na kitufe cha ulinganifu, kile kinachopaka kulia na kushoto kwa pamoja. Kinaokoa muda kwenye mabaka makubwa. Tukakisahau kimewashwa. Mzee akapata kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mikono yote miwili, kovu la ndoana kwenye mikono yote miwili, na kila kidoa cha shavu la kulia kikawa na pacha wake kushoto. Tulifika mbali bila kugundua, kwa sababu wakati wa kupaka mtu anatazama upande mmoja. Zima ulinganifu mara tu mabaka makubwa yakiisha, na upinde uso makusudi: upande mmoja umekaa juani zaidi, jicho moja lina weusi zaidi.

Sasa mng'ao. Kama una siku kumi za kupaka ngozi nyeusi, toa nne kwa ramani hii. Rangi ya ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache, kwa hiyo kile kinachong'aa juu yake kinaonekana mara dufu, na jicho husoma umbo la uso wa mtu mweusi kwa kufuata mng'ao wake. Kwenye Blender sehemu hiyo imeandikwa Roughness, na namba zake zinakwenda kinyume na matarajio: 0 ni kioo, 1 ni chaki. Kichwa cha kwanza kilikuwa na 0.5 kila mahali. Ndiyo hilo sanamu la duka.

Namba zilizobaki baada ya majaribio mengi: paji na pua 0.36, kope za macho 0.4, mashavu 0.48, shingo 0.55, mikono kwa nje 0.55, mdomo wa chini 0.3, kucha 0.28, makovu ya zamani 0.32, muundi wa mguu 0.65, magoti na viwiko 0.68. Lakini wastani peke yake hautoshi. Ndani ya paji lenye 0.36 paka vidoa vya 0.3 na vya 0.45 kwa brashi yenye chembechembe, na mikunjo iwe mikavu kuliko vilima vyake. Picha zile mbili za polaraiza ndizo zilizotuongoza. Bila hizo tungeendelea kubahatisha. Mvuvi ana jambo lake lingine, chumvi. Maji ya bahari yakikauka kwenye muundi na mikono yanaacha upauko mweupe unaokaa kwenye mistari ya ngozi. Tuliupaka kwenye ramani mbili kwa pamoja: mng'ao hadi 0.75, na kwenye rangi kijivu chepesi cha asilimia 8. Ukiupaka kwenye rangi tu unakuwa unga wa sembe.

Siku ya kwanza tuliyoiweka ramani hii, jirani mmoja alipita akachungulia skrini akauliza, "Huyu babu mmempaka mafuta ya nazi?" Uso ulikuwa unameremeta kuliko namba zetu. Sababu ni kisanduku kimoja. Ramani ya mng'ao ni namba, haimaanishi rangi, na Blender ilikuwa inaisoma kama rangi. Kijivu cha katikati, 0.5, kikisomwa hivyo kinageuka 0.21. Kwenye nodi ya picha, kile kisanduku kinachoingiza picha kwenye modeli, badilisha sehemu ya rangi iwe Non-Color, kwa ramani ya mng'ao, ya mwinuko na ya nomali (inayoonyesha uso wa ngozi umeelekea wapi). Ramani ya rangi peke yake ndiyo inayobaki sRGB, yaani inasomwa kama rangi.

Mwanga unaopenya ngozi ulitusumbua siku moja tu, lakini ilikuwa siku nzima. Masikio ya mzee, taa ikiwa nyuma yake, yaliwaka kama karabai. Blender 4 huanza na upenyaji wa kipimo cha mita 0.05, na nyekundu ikiwa 1.0, maana yake mwanga mwekundu unasambaa sentimita 5 ndani ya kichwa chenye upana wa sentimita 15. Tukashusha hadi 0.003, yaani milimita 3, na sikio likatulia. Hakikisha pia modeli iko kwenye vipimo vya mtu halisi. Kama mzee wako ana urefu wa mita 17 kwenye programu, namba hizi hazina maana. Kipimo cha kupinda mwanga, IOR, kiweke 1.4 kwa ngozi.

Kwenye mwinuko tahadhari ni chache. Hifadhi kwa biti 16. Ya biti 8 ina ngazi 256 tu na mteremko wa shavu unakuwa matuta ya shamba. Usitumie JPEG, vile visanduku vyake vya pikseli 8 kwa 8 vinajitokeza kama ngozi ya mamba. Matundu yetu yalikuwa na kina cha milimita 0.1, mikunjo ya paji kati ya 0.5 na 1. Tumia stenseli tatu tofauti na uzizungushe, kwa sababu jicho la mtu ni hodari wa kutambua kitu kilichorudiwa. Na usichore kila tundu kwa nukta nyeusi kwenye rangi. Tulifanya hivyo kwenye pua, akaonekana amemwagiwa pilipili manga.

Kwenye mishono palikuwa na mstari mwembamba mweusi nyuma ya sikio, uliotokea kamera ikiwa mbali na kupotea ikiwa karibu. Rangi ilikuwa inaishia hasa kwenye ukingo wa kipande. Ongeza kumwagikia kwa rangi nje ya ukingo. Blender huanza na pikseli 2, kwa 4096 tukaweka 16.

Halafu umeme. Ulikatika saa nne usiku, betri ya kompyuta ikiwa mbovu. Hatukuwa na wasiwasi kwa sababu Ctrl+S ilikuwa imebonyezwa dakika chache nyuma. Ilikuwa imehifadhi faili la Blender. Picha uliyoipaka ni kitu kingine, inahifadhiwa peke yake kwa Alt+S kwenye dirisha la picha, na ile nyota ndogo pembeni ya neno Image ilikuwa inatukumbusha hilo tangu mchana. Saa sita za kiganja cha kulia zilikwenda. Kilichopakwa tena kilikuwa bora kidogo, lakini hatumshauri mtu apite njia hiyo. Siku hizi kila saa tunahifadhi picha kwa jina jipya, na mwisho wa siku tunanakili kwenye diski ya nje.

Macho tuliyaacha mwisho na hatukuyatendea haki. Angalau haya: weupe wa jicho la mzee mweusi si mweupe, una unjano na vidoa vya kahawia, kwenye ukingo wa mboni huwa kuna pete ya kijivu, na wavuvi wengi wana kile kinyama kinachoota upande wa pua na kusogelea mboni, kwa ajili ya jua na mwako wa maji. Tulikiweka kwenye jicho moja.

Tulipoona tumemaliza, tulimwonyesha mmoja wa wale wazee wanne. Tukamwamkia, tukamgeuzia skrini. Alimtazama kwa muda mrefu, akakubali paji: pale katikati, chini kidogo ya mstari wa kofia, tulikuwa tumepaka alama ya sijda, weusi wa upana wa sentimita 2 wenye ukingo usio sawa, mwinuko wa milimita 0.3, matundu yamefutwa. Kisha akasema, "Haya, nionyesheni mguu wa kushoto."

Tukazungusha. Mguu ulikuwa na magaga ya kisigino, mipasuko mirefu yenye kingo nyeupe, kazi ya siku mbili ambayo tuliionea fahari.

"Wajukuu zangu," akasema, "huyu kasali na kichwa peke yake?" Akavuta kanzu akatuonyesha kifundo chake cha nje, kile kinacholaliwa na uzito wa mwili anapokaa kitako kwenye sala. Palikuwa na sugu nyeusi, ngumu, yenye ukubwa wa sarafu, imepasuka mistari midogomidogo. Cha mguu wa kulia kilikuwa laini.

Tulimpiga picha palepale. Leya moja ya ziada kwenye kigae cha 1004: rangi ishuke asilimia 20 kwa ukingo laini, mng'ao 0.7 katikati na 0.6 pembeni, mwinuko milimita 0.4. Ulinganifu ukiwa umezimwa.